Kizinduzi kimoja kwa michezo yote ya mchapishaji: nihamie sasa au nisubiri?

Nahodha wa Zamu

Habari zenu, wadau. Kampuni inayochapisha michezo mitatu ya mtandaoni ninayoicheza imetangaza kwamba vizinduzi vyake vya zamani, yaani programu za kusakinisha, kusasisha na kufungua mchezo, ambapo kila mchezo ulikuwa na chake, vitasitishwa, na badala yake patakuwa na programu moja ya kompyuta itakayobeba michezo yote. Tangazo lenyewe limesheheni sifa za orodha moja ya marafiki, masasisho yanayojiendesha na akaunti moja kwa kila kitu, lakini halikugusa mambo yanayonihangaisha.

Mchezo mkubwa kuliko yote unachukua zaidi ya GB 80 kwenye diski yangu ya pili, nami natumia intaneti yenye kikomo cha data, kwa hiyo ningependa kujua kama nitalazimika kuupakua upya. Vilevile sipendi programu inayojiwasha pamoja na kompyuta na kubaki chinichini ikila kumbukumbu na data bila ridhaa yangu. La mwisho, na ndilo zito zaidi, ni kwamba mchezo mmoja niliufungulia akaunti kwa anwani tofauti ya baruapepe, na sasa ninahimizwa kuziunganisha akaunti hizo mbili. Aliyekwisha kupitia uhamisho wa namna hii naomba anishauri.

Fundi Seva

Ndugu Nahodha, suala la kupakua upya lina jibu linalotegemea jambo moja: je, mafaili ya mchezo yamebaki katika mpangilio uleule, au mchapishaji amebadilisha pia namna yanavyohifadhiwa? Kizinduzi chenyewe ni programu ndogo. Kazi yake ni kuiuliza seva orodha ya mafaili ya toleo la sasa, orodha ambayo kila faili, au kila kipande cha faili, lina alama yake inayokokotolewa kutokana na maudhui yake. Kisha inakokotoa alama za yaliyomo kwenye diski yako, inalinganisha, na kupakua yale tu yasiyolingana. Ikiwa mpangilio haukubadilika, kuhama ni suala la kukionyesha kizinduzi kipya folda ya zamani, na utakachotumia ni muda wa diski kusomwa wala si data. Tafuta kitufe cha kuonyesha mahali mchezo ulipo kabla ya kubofya kile kikubwa cha kusakinisha, kwa sababu hicho kikubwa kwa kawaida huchagua diski ya kwanza na kuanza upya.

Mpangilio ukibadilika, mambo huwa tofauti. Mwaka 2014 mchezo wa mtandaoni wa World of Warcraft uliachana na mafaili ya muundo wa MPQ uliyoyatumia tangu mwanzo na kuhamia mfumo uitwao CASC, ambao huhifadhi data kwa kufuata alama hizo za maudhui. Kwa muda mrefu mfumo wa aina hiyo una faida, kwani sasisho hugusa vipande vilivyobadilika tu, lakini siku ya mageuzi yenyewe huwa na kazi kubwa kwa diski. Basi soma maelezo ya uhamisho uone kama yanataja kubadilishwa kwa data, na uhakikishe diski ina nafasi ya ziada ya kutosha.

Kuhusu data inayoliwa chinichini, fungua mipangilio siku ya kwanza kabla hujasakinisha chochote. Battle.net, kizinduzi cha kampuni ya Blizzard, kwa mfano, ina visanduku viwili vya kikomo cha kasi: kimoja ni cha masasisho ya sasa, kingine ni cha data ya toleo lijalo inayopakuliwa kabla ya siku yake. Watu wengi hujaza cha kwanza na kukisahau cha pili, halafu wanashangaa bando limekwenda wapi. Angalia pia kipimo: pale huandikwa kwa kilobaiti kwa sekunde, ilhali mtoa huduma wa intaneti hutangaza megabiti, na megabiti 1 ni sawa na kilobaiti 125 hivi. Anayeandika 8 akidhani ni megabiti atasubiri sasisho lake hadi achoke, na anayeacha sifuri ameruhusu kasi yote.

Kujiwasha na kompyuta huzimwa hapohapo kwenye mipangilio, na kwa kawaida kuna chaguo la kukifunga kizinduzi kabisa mara mchezo unapofunguka. Tofautisha tu kizinduzi na programu ya kuzuia udanganyifu. Vanguard ya kampuni ya Riot, iliyokuja na mchezo wa Valorant mwaka 2020 na kufika ule wa League of Legends mwaka 2024, huanza pamoja na mfumo endeshi na hufanya kazi ndani ya kiini chake. Kufunga dirisha la kizinduzi hakuigusi. Ukiizima mwenyewe, utalazimika kuwasha upya kompyuta kabla ya kucheza tena. Chunguza kama mchapishaji wako anatumia kitu cha jinsi hiyo.

Mzee wa Kumbukumbu

Mimi ningesubiri hadi karibu na tarehe ya mwisho. Vizinduzi hivi huja na kuondoka mara nyingi kuliko matangazo yanavyodokeza. Kampuni ya EA ilileta kizinduzi cha Origin mwaka 2011, ikaibadilisha kwa programu nyingine mwaka 2022, na kwenye Windows Origin ikafungwa Aprili 2025. Waliokuwa na Windows ya biti 32 hawakuwa na pa kuhamia, kwa kuwa programu mpya inadai biti 64. Kizinduzi cha kampuni ya Bethesda nacho kilianza mwaka 2016 na kufungwa Mei 2022, na wachezaji wakahamishia michezo yao pamoja na salio la pochi kwenye Steam, duka na kizinduzi cha kampuni ya Valve. Hata Steam yenyewe, iliyoanza mwaka 2003, ililalamikiwa sana mwaka uliofuata mchezo wa Half-Life 2 ulipoifanya kuwa ya lazima.

Hata hivyo, usihofu kuhusu maendeleo yako ndani ya mchezo. Katika michezo ya mtandaoni mhusika wako na vitu vyake hukaa kwenye seva, si ndani ya kizinduzi. Mchezo wa Destiny 2 ulipotoka Battle.net kwenda Steam mnamo Oktoba 2019, wahusika walifuata akaunti ilimradi mchezaji ameunganisha akaunti hizo.

Ufunguo wa Pili

Sikubaliani na Mzee kuhusu kusubiri. Tarehe ya mwisho ndipo kila mtu hukwama kwa pamoja na huduma kwa wateja huelemewa. Sakinisha mapema, ila suala la kuunganisha akaunti lipe muda wake, kwa sababu ni hatua ambayo mara nyingi hairudishwi nyuma. Kabla ya kukubali, pata majibu ya maandishi: ni akaunti ipi itakayobaki kuwa kuu, vitu vilivyonunuliwa kwa ile nyingine vitahamia wapi, na je, akaunti mbili zilizosajiliwa maeneo tofauti zinaruhusiwa kuungana? Hifadhi risiti za ununuzi za akaunti zote mbili.

Kumbuka pia kwamba baada ya kuunganisha, nenosiri moja litafungua michezo yote mitatu, marafiki wote na njia ya malipo. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kabla ya kuunganisha, na misimbo ya dharura uiandike mahali nje ya kompyuta hiyo. Kipindi cha uhamisho ni msimu wa mavuno kwa matapeli wanaotuma viungo vya kizinduzi bandia. Pakua kutoka tovuti ya mchapishaji tu. Kisha, kabla ya kufungua faili, libofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake na utazame kichupo cha sahihi za kidijitali. Jina la kampuni lisipokuwepo, lifute.

Nahodha wa Zamu

Nashukuru sana. Nitasakinisha wiki hii, na suala la akaunti nitaliandikia huduma kwa wateja kwanza. Swali moja la nyongeza kwa Fundi: je, naweza kuviacha vizinduzi vya zamani pamoja na kipya hadi tarehe ya mwisho ifike?

Fundi Seva

Unaweza, mradi visisimamie folda moja kwa wakati mmoja. Kila kimoja kina orodha yake ya mafaili, na toleo likitofautiana hata kidogo kitaona kazi ya mwenzake kuwa ni hitilafu na kuanza kuirekebisha kwa kupakua. Kizime cha zamani kisijiwashe wala kujisasisha. Utakapokisanidua, fahamu kwamba baadhi ya vizinduzi hufuta na folda ya mchezo. Hivyo funga vyote viwili, badili jina la folda hiyo, sanidua, kisha urudishe jina lake la awali kabla ya kukifungua kizinduzi kipya.