Kipimo cha rota cha mtoto: hizo antibodi ni za nani?

Mama Nasri
Habarini wana jukwaa. Mwanangu ana miezi tisa, wiki iliyopita alishikwa na kuharisha na kutapika mpaka macho yakaingia ndani, nikamkimbiza hospitali usiku. Maabara wakachukua choo kutoka kwenye pampasi, wakakoroga kwenye kichupa chenye maji, wakadondosha matone kwenye kidude kinafanana kabisa na kile cha kupimia mimba, baadae nikaonyeshwa mistari miwili nikaambiwa ni rota, kirusi cha kuharisha, antibayotiki hazisaidii hapa, mpe ORS na zinki na usiache kunyonyesha. Namshukuru Mungu sasa hivi anatambaa nyumba nzima.

Ila kuna kitu hakijanitoka kichwani. Yule wa maabara aliniambia mstari unatokea kwa sababu ya antibodi. Mimi kliniki nilifundishwa antibodi ni askari wa mwili, mtu anazitengeneza mwenyewe akiugua. Sasa hizo za kwenye kipimo ni za nani? Na kama ni antibodi mbona hawakumtoboa kidole wakachukua damu? Halafu mtoto alichanjwa zote mbili, ya wiki sita na ya wiki kumi, kadi ninayo. Naombeni mnieleweshe taratibu.

Fundi_Sanifu Maabara
Pole sana mama Nasri, na hongera kwa kuwahi, maana rota inaua kwa kukausha maji.

Kuna vipimo vya aina mbili watu wanavichanganya. Kimoja kinatafuta antibodi za mgonjwa kwenye damu. Kingine kinatumia antibodi zilizotengenezwa kiwandani kama mtego wa kumkamata kirusi mwenyewe, na ndo alichopimwa mwanao. Kwa watoto wadogo hiki cha pili ndo tunakitegemea zaidi, kwa sababu mtoto anazaliwa na antibodi za mama yake zilizopita kwenye kondo, anakaa nazo miezi mingi tu. Ndo maana mtoto wa chini ya miezi 18 aliyezaliwa na mama mwenye VVU huwezi kusema ameambukizwa kwa kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole, kikionyesha chanya inaweza kuwa ni za mama, ndo tunachukua matone ya damu kwenye karatasi maalum ya kukaushia damu (DBS) akiwa na wiki sita tukatafute vinasaba vya kirusi. Na hata antibodi za mtoto mwenyewe zinachukua siku kadhaa kupanda, wakati rota inamlaza ndani ya siku moja mbili. Sasa choo kwa nini? Kirusi hiki kinazaliana kwenye utumbo, gramu moja ya choo cha mtoto anayeumwa inaweza kubeba mabilioni ya virusi, huna haja ya kumchoma sindano.

Kuhusu ni za nani: nyingi zimeanzia kwa panya wale weupe wa maabara. Panya anadungwa kipande cha kirusi, mwili wake unatengeneza antibodi, kisha zile seli zinazotengeneza zinachukuliwa kwenye bandama yake. Tatizo seli hizo zikitolewa nje hazikai, zinakufa. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein pale Cambridge, Uingereza, wakaziunganisha na seli za saratani ambazo zenyewe hazichoki kugawanyika, ikapatikana seli moja yenye tabia zote mbili, inaitwa haibridoma. Walipata Nobel 1984.

binti_wa_chuo
Naongezea hapo kwa Fundi maana ndo nilichosoma mwaka huu na nakipenda sana. Kuunganisha seli siyo kazi kubwa, kazi ni kuchambua. Unakua na sahani za plastiki zenye vishimo 96 kila moja, kila kishimo kina seli zake, unapima majimaji ya kila kishimo kama yanashika kirusi. Vilivyoshika vinageuka njano, vingine vyote vinabaki kama maji. Hapo unafurahi lakini bado, inabidi seli zitawanywe tena mpaka ziote kutoka seli moja tu, ili antibodi zote ziwe za aina moja. Halafu unazijaribu kwa virusi vingine vya kuharisha kama adeno na noro, ikishika na huko unaitupa hata kama umeihangaikia miezi.

Na inabidi ujue unataka ishike wapi. Rota ana maganda matatu. La nje linatofautiana sana kati ya aina na aina, ukitengeneza antibodi ya ganda la nje utamkamata wa leo na yule wa msimu ujao atakupita. Ganda la kati lina protini inaitwa VP6, hiyo kwenye kundi A, ambalo ndo linaumiza watoto wengi, haibadiliki sana na ipo nyingi mno. Kwa hiyo vipimo vingi vinalenga hapo.

Mzawa wa Kilifi
Kwa upande wa kifua stori ni hiyo hiyo. Huku kwetu watafiti wa afya wa KEMRI-Wellcome wamefuatilia RSV, kirusi kinachoshambulia kifua, kwa watoto zaidi ya miaka 20. Njia moja waliyotumia: majimaji ya pua ya mtoto yanapakwa kwenye kioo, inawekwa antibodi iliyofungwa rangi, ukiangalia kwa hadubini seli zenye RSV zinawaka kijani kwenye giza. Vipimo vya haraka vya RSV navyo vinafanya vizuri kwa watoto kuliko watu wazima, mtoto anatoa virusi vingi puani, mtu mzima ana vichache mtego haupati kitu.

Mama Nasri
Jamani asanteni, nimesoma mara mbili. Sasa mbona mistari miwili na kirusi ni kimoja? Na chanjo je?

Fundi_Sanifu Maabara
Mama, kwenye kile kidude kuna antibodi za aina mbili za rota. Za kwanza zimebandikwa chembe ndogo sana za dhahabu, zinasafiri na yale maji ya choo. Za pili zimegandishwa kwenye karatasi pale palipoandikwa T. Kirusi kikiwepo kinashikwa huku na huku, dhahabu inajazana pale T unaona wekundu. Mstari wa C unadaka zile zenye dhahabu hata kama kirusi hakipo, kazi yake kuonyesha maji yamefika. C isipotokea kipimo kimeharibika, rudia.

Chanjo haizuii kila maambukizi, inapunguza sana ule ukali. Ila tunauliza tarehe ya chanjo kwa sababu kirusi dhaifu cha chanjo kinaweza kutoka kwenye choo siku kadhaa baada ya kupewa, kipimo kikakishika. Wa miezi tisa aliyemaliza ya wiki kumi hilo halimhusu, yule alikua na rota ya kweli. Zinki mmalizie siku zake hata kama ameacha kuharisha.

Mama Nasri
Zimebaki siku nne, nampa kila asubuhi. Asante sana mkuu.