PDF zote zinafunguka Notepad, msaada wakuu!

Mpambanaji_Tu: Wakuu, nimekwama. Laptop ni Windows 11. Kila PDF nikiibofya inafunguka Notepad, matakataka matupu. Jana zilikuwa zinafunguka Edge vizuri. Nimeweka na Adobe Reader, wapi. Nifanyeje?

Kitasa: Bofya kulia PDF yoyote, "Open with", halafu "Choose another app". Teua Adobe, bonyeza "Always". Ukibonyeza "Just once" umeifungua mara hiyo tu, kesho Notepad tena. Ikigoma: Settings, Apps, Default apps, andika .pdf kwenye kisanduku cha juu, bofya Notepad iliyotokea, teua Adobe, "Set default". Kuisakinisha Adobe peke yake hakutoshi, lazima wewe uichague.

Cheusi_Mangala: Adobe nzito hiyo. Weka SumatraPDF, ya bure, ndogo, inafunguka upesi.

Kitasa: Hajauliza uzito. Mleta uzi, Notepad haijichagui. Nani aliichagua?

Mpambanaji_Tu: Mimi. Kuna faili moja, CV, Edge iligoma kuifungua, Adobe nayo ikasema huenda imeharibika. Nikawa najaribu programu moja moja, kumbe nabonyeza "Always". Nyingine zimerudi Adobe sasa, asante. Imebaki hiyo.

Kitasa: Ifungue kwa Notepad, "Just once" safari hii. Herufi za kwanza ni zipi?

Mpambanaji_Tu: PK, halafu vimraba.

Kitasa: PDF halisi huanza na %PDF. PK ni zip, yaani furushi la mafaili, na docx ya Word ni zip kwa ndani. Ulibadilisha jina?

Mpambanaji_Tu: Mkia tu, .docx ikawa .pdf. Tovuti ya maombi ya kazi inataka PDF, na imeipokea bila neno. Sioni kosa liko wapi.

Mama Nassor: Mwanangu, ukiandika "maziwa" kwenye kidumu cha mafuta ya taa, chai yake utainywa?

Mzee_wa_Linux: Huku kwetu Linux unaandika tu amri "file CV.pdf", inakujibu faili ni "Microsoft Word 2007+". Ila nani anamsikiliza mzee.

Shahidi_wa_Pili: Mnapigwa kamba. Windows huficha mikia ya majina tangu kiwandani. Ukiandika CV.pdf unapata CV.pdf.docx, na Word inaifungua kama kawaida. Ukiwa umeionyesha mikia, Windows hukupa onyo kabla ya kuibadilisha. Uzi wa kutunga huu.

Mpambanaji_Tu: Sijatunga! Jina nililibadilisha kwenye simu, nikajitumia WhatsApp.

Shahidi_wa_Pili: Hapo sawa. Simu nyingi huonyesha jina zima. Nafuta kauli.

Kitasa: Kwenye dirisha la mafaili bonyeza View, Show, "File name extensions". Rudisha jina kuwa .docx, fungua kwa Word, bonyeza F12, kwenye "Save as type" chagua PDF, Save. Kuchagua programu ya kufungulia hakubadilishi kilichomo ndani. Na tovuti kuipokea si hoja, nyingine hukagua mkia tu. Atakayeifungua CV yako ofisini atakutana na kosa lile lile ulilokutana nalo.

Mpambanaji_Tu: Lakini wameshanijibu kwamba imepokelewa. Nikituma tena si nitaonekana mbabaishaji?

Mama Nassor: Mwisho wa kutuma lini?

Mpambanaji_Tu: Leo, saa sita usiku.

Kitasa: F12.