Madalali wa nyumba Dar, mnawakamua wageni! Dola imekatazwa na bado mnadai dola

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Kazini kwetu ameletwa mhandisi kutoka Zambia, kaja na mke wake. Mimi ndiye niliyeambiwa niwasaidie kupata nyumba, kwa hiyo haya sikusimuliwa, nilikuwepo. Kabla hawajatua nilishaongea na dalali mmoja wa Mikocheni: vyumba viwili, sebule na jiko, laki saba kwa mwezi, unalipa miezi sita. Tukakubaliana.

Siku ya kwenda kuiona, yule mgeni akamsalimia dalali kwa Kiingereza. Hapo hapo dalali akanivuta pembeni, nyuma ya geti. "Kaka, hawa ni watu wa ofisi. Kodi dola 500, mwaka mzima kwa mkupuo." Nyumba ni ile ile, bomba la jikoni linavuja, dari ya chumbani ina doa la maji, ila bei imepanda mpaka zaidi ya milioni moja kwa sababu mtu kasema "good morning". Halafu akanong'ona kwamba cha juu changu nisiwe na wasiwasi nacho, kipo. Yaani mgeni wangu, niliyempokea mwenyewe, nigawane na dalali jasho lake! Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote.

Nikamkumbusha sheria. Tangu Machi 2025 zipo kanuni zinazokataza kutangaza bei, kudai au kupokea malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Hata mikataba ya zamani ilipewa mwaka mmoja tu irekebishwe. Kuna walioachwa nje, kama balozi na yale maduka yasiyotoza ushuru, lakini nyumba ya kupanga Mikocheni haimo. Jibu lake? "Hayo ni mambo ya mabenki." Akampigia mwenye nyumba, naye akasema mkataba utaandikwa kwa shilingi, ila kiasi kitakuwa "sawa na dola 500 kwa bei ya siku ya malipo". Kwa hiyo sheria wanaijua vizuri sana, wanatafuta pa kupenya tu.

Tukaondoka. Kila nyumba iliyofuata kulikuwa na hela ya kuoneshwa, unatoa hata kama mlango haukufunguliwa kwa sababu "mwenye funguo katoka". Dalali anampigia dalali mwenzake, yule anampigia wa tatu, wote wanakusubiri kwenye kona na wote wanataka chao.

Mwishowe wakapata nyumba kwa shilingi. Wakalipa miezi sita, na kodi ya mwezi mmoja ikaenda kwa dalali. Jioni ya kwanza umeme ukakata. Shemeji, mke wa yule mhandisi, akanunua umeme wa LUKU wa elfu ishirini, zikaja yuniti za kuchekesha. Akanipa simu nimsomee ujumbe wa tokeni, amesimama na tochi katikati ya maboksi ambayo hayajafunguliwa. Kumbe nyumba ilikaa tupu muda mrefu, na kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, ilikuwa imelimbikizana. Ikakatwa yote kwenye hela yake. Kodi ya jengo ni mzigo wa mwenye nyumba, jamani! Nikampigia, akasema "wote wanalipaga hivyo", akakata simu.

Na hawa ni Wazambia, majirani zetu. Tuna reli ya TAZARA pamoja nao tangu miaka ya 1970, mizigo yao inapita bandarini kwetu kila siku na watu wetu wanakula kupitia hiyo mizigo. Mtu akija kufanya kazi hapa anakatwa kuanzia getini. Yule dada aliniuliza kwa upole kabisa kama na Watanzania wanatendewa hivi. Nikamjibu kweli: na sisi tunalizwa, ila nyie mnalizwa kwa dola.

Sasa naomba wenye uzoefu mniambie. Malalamiko ya kodi kudaiwa kwa dola yanapokelewa wapi, Benki Kuu moja kwa moja au naanzia polisi? Na ile hela ya kodi ya jengo, kuna mpangaji aliyewahi kufanikiwa kuikata kwenye kodi ya nyumba bila kutolewa vyombo nje? Meseji za dalali zenye bei ya dola ninazo, na namba ya mwenye nyumba pia.