Pete, saa au ufunguo wa shingoni: kipi kitaifaa kompyuta ya mapokezi?

Mtu_wa_Paje
Assalaam alaykum wakubwa. Nipo mapokezi, hoteli ndogo Paje. Kompyuta yetu ipo juu ya kaunta, banda la makuti, kila mtu anapita. Jana nimetoka kupokea mizigo garini, narudi namkuta mtoto wa mgeni keshaikalia, na humo mna nakala za pasipoti za watu. Paswadi imebandikwa chini ya kibodi, nakiri. Bosi anataka kitu cha kuvaa: nikikaribia ifunguke, nikiondoka ijifunge. Nimeona pete ya NFC (ile ya kusogeza karibu isomwe bila waya), YubiKey, yaani ufunguo mdogo wa USB, ya kutundika shingoni, na saa. Nichukue kipi?

Fundi_Mlandege
Waalaykum salaam. Yakhe, hayo ni mambo mawili. Kuna cha kufungulia na kuna cha kufungia, na vidude vingi vinafanya kimoja tu. YubiKey ni ya kufungulia: unaichomeka, unaandika paswadi au PIN, basi. Ukiichomoa, Windows kwa kawaida haina habari, skrini inabaki wazi vilevile. Watu hulijua hili pesa zishatoka. Tena akaunti ikiwa ni ya humohumo kwenye mashine, itabidi uweke programu ya kuingilia ya Yubico, hao wanaotengeneza YubiKey.

Pete sina hamu nazo. NFC inasoma kwa sentimita chache, kwa hiyo utanunua na kisomeo cha USB. Na nyingi za bei rahisi zinatoa namba ileile kila siku. Aliyeinakili namba ana pete yako. Muulize muuzaji kama ina FIDO2, ule utaratibu wa kuingia kwa siri isiyonakilika kirahisi. Akibabaika, mwachie.

Binti_Shangani
Mie navaa Apple Watch na natumia Mac. Kufungua raha tupu, tangu macOS Sierra ya 2016. Lakini nikiinuka haifungi, nafunga kwa mkono. Na wewe una Windows, kwa hiyo isahau.

Wa_Chake
Mimi nilikuwa na pete ya mlango wa ofisi. Adhuhuri nikaivua bombani msikitini nitawadhe, nikaiweka pale juu penye sabuni. Nimekuja kuikumbuka Alasiri, nimekunja mikono, natafuta cha kuvua kidoleni. Haikuwepo. Chukua ya shingoni, ndani ya shati, tena chukua mbili: ya pili ikae kabatini.

Mtu_wa_Paje
Ahsanteni. Na hiyo ya kujifunga? Blututhi haiwezi?

Fundi_Mlandege
Windows yenyewe inayo, bure, inaitwa Dynamic Lock. Unaunganisha simu kwa blututhi. Ukitoka nje ya masafa, baada ya kama dakika moja inafunga. Kufungua haifungui. Ila funguo za blututhi za kununua, angalia. Mwaka 2019 Google iliwabadilishia watu bure funguo zake za blututhi, za Titan, kwa sababu ya kasoro iliyompa nafasi mtu aliye umbali wa mita 9 hivi kuingilia mawasiliano.

Binti_Shangani
Hiyo ya simu inategemea nyumba, kaka. Ofisi yetu kuta za mawe na chokaa, nene; nikiingia chumba cha pili tu ishanifungia, nimelaani mara ngapi! Kwenye banda la makuti utafika garini na mashine bado iko wazi. Na dakika moja kwa mtoto yule ni nyingi.

Linux_Fumba
Tafuta BusKill. Ni waya wa USB wenye kiungo cha sumaku: upande mmoja kwenye mashine, mwingine kiunoni kwako. Ukiinuka sumaku inaachia, skrini inafunga papo hapo.

Lakini nyote mnazungumzia skrini. Mwizi akibeba mashine nzima, atachomoa diski aisome kwingine. Washeni BitLocker kwanza, ile ya Windows ya kuifunga diski kwa msimbo isisomeke kwingine. Mie kwenye mfumo wa Linux, tangu systemd (programu inayouwasha mfumo) toleo 248 la 2021, YubiKey inafungua diski yenyewe. Bila ufunguo au nywila ya akiba hata kuwaka haimalizi.

Mtu_wa_Paje
Nimempelekea bosi yote. Karatasi ya chini ya kibodi nimeshaichana, na kidole nakizoesha vitufe vya Windows na L, vya kufungia skrini, kila nikiinuka. YubiKey mbili ataleta jamaa anayetoka Dubai. Waya wa sumaku bosi kaukataa, anasema wageni watadhani nimefungwa kamba nisitoroke.