Mnaopakia zilipendwa mtandaoni, acheni kuzipa nyimbo wazazi wasio wao!

Wakuu salaam,

Uzi huu ni wa wenye chaneli za YouTube za zilipendwa, na wa watangazaji wa vipindi vya muziki wa dansi hapa Dar. Mnatuharibia historia, tena kwa uvivu tu. Mtu anasikia sauti, anaitambua, basi anaandika "mtunzi na mwimbaji: fulani". Mwingine ananakili vilevile, wiki ijayo yanasomwa redioni, na wajukuu wa mtunzi halisi wanaambiwa babu yao hakutunga kitu.

Anzeni na jina la bendi, maana ndiyo kalenda yenyewe. NUTA Jazz, bendi ya jumuiya ya wafanyakazi iliyoitwa NUTA, ilianza 1964. Jumuiya ilivyobadilika jina, na bendi ikabadilika: JUWATA, OTTU, hadi Msondo Ngoma. Halafu mtu anapakia wimbo wa enzi za NUTA anaandika "Msondo Ngoma"! Mlimani Park nayo ni ya 1978, Shirika la Maendeleo Dar es Salaam (DDC) wakaichukua 1983. Na msitegemee sauti. Muhidin Gurumo aliimba NUTA, akaimba Mlimani Park, akaimba Orchestra Safari Sound. Sauti yake peke yake haikuonyeshi bendi, sembuse mtunzi.

Shikeni santuri yenyewe. Ile ndogo ya inchi 7, ya mizunguko 45 kwa dakika, ina lebo katikati. Mara nyingi jina la wimbo na jina la bendi yameandikwa kwa herufi kubwa, na karibu na jina la wimbo, kwenye mabano, kwa herufi ndogo ambazo vumbi na wino uliofifia huzila kwanza, ndipo alipo mtunzi. Futeni kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, msiloweshe karatasi ya lebo, kisha pigeni picha mkimulika kwa pembeni. Inua santuri kwenye mwanga uangalie sehemu tupu kati ya mwisho wa wimbo na lebo: kuna namba imechongwa pale. Iandikeni, kwa sababu lebo huweza kubandikwa kimakosa, lakini namba ile imechapwa pamoja na wimbo wenyewe.

Kosa linaloniudhi kuliko yote ni kupakia upande A peke yake. Upande mmoja wa 45 unabeba dakika nne, tano hivi, kwa hiyo nyimbo ndefu zilikatwa vipande viwili. Upande B ndiko liliko chemko, yaani sehemu ya mwisho ya wimbo inayochangamka, na kwenye chemko ndiko waimbaji wanakoita majina ya wapiga magitaa. Mkikata pale mmekata ushahidi!

Halafu lebo ya Nairobi haiufanyi wimbo kuwa wa Kenya. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), santuri nyingi zikaenda kuchapwa Nairobi. Kinyume chake nacho kipo: Les Wanyika ilizaliwa Nairobi mwaka 1978, lakini nguzo zake ni Watanzania waliochomoka bendi ya Simba Wanyika. Andikeni yote mawili, ugomvi wa mpakani utakwisha.

Zile zilizozunguka dunia ndiyo usiseme. "Jambo Bwana" si ya Boney M, ni ya Them Mushrooms wa Mombasa, 1982, mtunzi Teddy Kalanda Harrison. Boney M waliirudia mwaka uliofuata. Na "Hakuna Matata" ya filamu ya The Lion King ya 1994 ni wimbo mwingine kabisa. "Malaika" aliirekodi Fadhili William wa Kenya, lakini Adam Salim, Mtanzania, naye alidai utunzi. Kwa hiyo andika "utunzi una mgogoro". Usimtawaze mtu kwa sababu ya uraia wako.

Anayesema "jina tu, linamdhuru nani?" amwangalie Solomon Linda. Alirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939, akauza haki kwa shilingi 10. Wamarekani wakausikia vibaya, "uyimbube" ikawa "Wimoweh", na kwenye karatasi mtunzi akaandikwa Paul Campbell, mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Lilikuwa jina la kubuni la kuchukulia nyimbo zinazodhaniwa hazina mwenyewe. Kundi la Marekani, The Tokens, wakavuma na wimbo huo 1961. Linda akafa 1962, maskini. Familia ilifikia makubaliano mwaka 2006. Kila mnapoandika "wimbo wa asili" bila kutafuta, ndicho mnachokifanya.

Na sheria yetu ya 1999 inaitwa ya Hakimiliki na Hakishiriki. Ni haki mbili: ya mtunzi, na ya anayeimba au kupiga. Ya mtunzi inaishi naye na miaka 50 baada ya kifo. Marijani Rajab alifariki 1995, hesabuni wenyewe kama nyimbo alizotunga ni za bure.

Kwenye maelezo ya video wekeni mistari minne: mtunzi, mwimbaji kiongozi, bendi kwa jina la wakati ule, na mahali na mwaka wa kurekodi. Usichokuwa na ushahidi nacho, acha wazi.

Mwenye santuri nyumbani atupie picha hapa chini. Pande zote mbili, na ile namba iliyochongwa isomeke.