ETI "TATIZO NI MGUU WAKO"! Huyu jamaa na ABS yake wamenichosha

Wakuu, naandika damu bado inachemka, mtanivumilia lugha. Yule jamaa mnayemjua, yule bingwa wa kila gari lililowahi kutengenezwa duniani, leo kanivunjia heshima mbele ya msafara mzima. "Breki zako nzima kabisa. Tatizo ni mguu wako." Mguu wangu!

Sikieni. Mteremko mkali, changarawe tupu iliyolegea, niko gia ya chini, mwendo wa mtu anayekimbia mchakamchaka. Nakanyaga breki. Pedeli inaanza kutetemeka chini ya soli, grrr grrr grrr, na gari halina habari. Nazidi kukanyaga mpaka nahisi mguu utatokezea kwenye injini, gari ndiyo kwanza linaserereka kumfuata mwenzangu wa mbele. Limekuja kusimama bampa kwa bampa, unywele usingepita. Nashuka magoti hayana nguvu, na yeye kaegemea mlango wake, kijiti mdomoni, bila hata pole, ananiambia tatizo ni mguu wangu.

Kila mtu anajua ABS, ule mfumo unaozuia tairi zisijifunge (zisiache kuzunguka) ukikanyaga breki, unafaa zaidi kwenye lami. Kwenye changarawe au mchanga, tairi likijifunga linalima, linajikusanyia kifusi mbele yake, na kifusi hicho ndicho kinachosimamisha gari. ABS inaachia breki kabla kifusi hakijakusanyika, inabana, inaachia tena, mara kumi na zaidi kwa sekunde. Sasa mguu gani wa binadamu unaachia breki mara kumi kwa sekunde? Mimi cherehani?

Halafu swichi ya kuizima hakuna! Ya kupasha kiti joto ipo. Ya taa za miguuni ipo. Ya kuokoa maisha yangu kwenye mteremko, hakuna. Na mtu mzima na kijiti chake anasema mguu.

Gia_Ya_Chini: Mleta uzi punguza povu. Tupia kwanza picha ya huo mguu tuukague.

Vumbi_Jekundu: Mimi namuunga mkono. Na hujakutana na barabara yenye mikunjo. Tairi linarukaruka, likiwa hewani ukagusa breki linaacha kuzunguka mara moja, sensa inapeleka taarifa kwamba limejifunga, kompyuta inaachia breki. Gari linaendelea na safari zake kama vile hujakanyaga kitu. Niliita majina ya mababu wote.

Spana_13: Mnaisingizia. Kazi kubwa ya ABS ni usukani uendelee kukutii ukiwa umekanyaga breki. Tairi lililojifunga halikati kona, linakwenda linakotaka lenyewe. Ungekata pembeni ukampisha mwenzako.

Mleta uzi: Pembeni kulikuwa na KORONGO mkuu. Nikate nielekee wapi, mbinguni?

Gia_Ya_Chini: Ungeenda na huo mguu.

Kifusi: Chomoa fyuzi ya ABS, maisha yaendelee. Mbona rahisi.

Spana_13: USIMSIKILIZE HUYU. Kwenye magari mengi ya sasa mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma unapitia kompyuta hiyohiyo. Ukichomoa fyuzi, tairi za nyuma zinaweza kujifunga kwanza, mkia ukatangulia. Kwenye mteremko huo huo! Waliolifikiria hili wamelimaliza kiwandani: G-Class ya Mercedes ukifunga difu (tairi zizunguke pamoja), ABS inajizima yenyewe. Land Cruiser kadhaa zina ABS inayosoma ardhi na kuruhusu tairi zilime kidogo.

Mleta uzi: Umeona? Kumbe viwanda vyenyewe vinakiri kwamba shida ipo! Nani amwambie yule wa kijiti? Kaniambia mbele ya watu wote, wengine nimewafundisha mimi kufunga winchi.

Piki_Matope: Afadhali nyie wenye magari. Ulaya pikipiki mpya za juu ya cc 125 zimelazimishwa kuwa na ABS tangu 2017, enduro na trial tu, zile za porini na kwenye mawe, ndizo zilizoachwa. Yangu si enduro. Ina kitufe cha kuzima ABS ya nyuma, sawa, lakini ukizima injini, ABS inajiwasha upya. Nasimama kunywa maji, nawasha, nasahau kuizima, kona ya kwanza ya matope tairi la nyuma linakataa kujifunga na mimi nataka lijifunge nigeuke. Nani kaomba huo msaada?

Vumbi_Jekundu: Ya kujiwasha yenyewe ndiyo inayoniua. Langu lina mfumo wa kuzima injini kila likisimama kidogo; nikiuzima, unajiwasha tena. Katikati ya maji!

Bibi_Turbo: Mnalalamika injini? Langu linapiga kengele ya mkanda kwa sababu nimeweka begi la vifaa kwenye kiti cha abiria. Safari nzima ngling ngling. Masikio yanaimba mpaka usingizini.

Mleta uzi: Jamani mada ni breki. BREKI. Mtu kaniambia tatizo ni mguu wangu.

Piki_Matope: Bibi_Turbo, lifunge begi mkanda.

Bibi_Turbo: Nimelifunga. Sasa linalia mlango haujafungwa vizuri, na milango yote imefungwa.

Spana_13: Hiyo ni swichi ya kwenye kitasa, imeingia vumbi. Mlango upi?