Mjadala: Nesi aliyesomeshwa kwa mkopo wa Serikali aende nje, au atumikie kwanza hapa?

MwanaMkoani: Assalaam aleykum. Mdogo wangu amemaliza uuguzi Mbweni kwa mkopo wa Serikali. Anataka kuwa nesi wa mikataba Marekani: wiki 13 spitali hii, ukimaliza unahamia mji mwengine. Mie nnasema atumikie kwanza nyumbani. Mnaonaje?

NesiWaUsiku: Hata akitaka kesho hapati. Wiki 13 zile ni za mtu aliyekwishaiva. Mawakala kwa kawaida wanataka mwaka mmoja au miwili ya wodini, maana ukifika unaelekezwa kidogo tu, unakabidhiwa wagonjwa. Khalafu kuna NCLEX, mtihani wao wa kupatia leseni ya uuguzi, leseni ya jimbo na viza. Wengi wanaotoka nje huanza kwa kuajiriwa spitali moja, kuzunguka kunakuja baadae.

Baba Salma: Wiki 13 huku, 13 kule, mtoto wa kike! Mume atampata saa ngapi?

BintiMalindi: Waume zetu wamekaa Maskati miaka na miaka, hajaulizwa hata mmoja mkewe anamuona saa ngapi. Leo mwanamke kushika pasi ya kusafiria ndio nongwa?

Baba Salma: Usinivunjie heshima. Nina binti mwaka wa pili uuguzi, nnajua nnachokisema. Nimezungumzia safari bila ya mahram, yaani mume au jamaa wa karibu wa kumsindikiza, na hilo si langu, ni la dini.

Mzee wa Kijichi: Hapo wanazuoni wamekhitilafiana, wapo wanaoruhusu ikiwa njia ina amani. Usilifunge kama mlango wa duka.

BintiMalindi: Allah akulipe, mzee.

Ng'ambo Yetu: Tuache Marekani. Uingereza mtihani wa nadharia unafanywa kabla ya kusafiri, wa vitendo kule kule. Tanzania imo kwenye orodha yao nyekundu ya nchi zenye upungufu wa wafanyakazi wa afya, kwa hiyo wakala haruhusiwi kuja kuwatafuta watu huku, lakini mtu akiomba mwenyewe hakatazwi. Shirika la Afya Duniani limeweka kanuni hizo tokea 2010 ili nchi kama zetu zisikaushwe manesi.

Baba Salma: Kukatazwa na kufaa ni mambo mawili. Mwanamke peke yake ugenini…

MwanaMkoani: Jamani, mdogo wangu ni mwanamme!

Baba Salma: Kumbe. Basi aende, Allah amfungulie.

BintiMalindi: Na deni la Serikali je? Au mwanamme hadaiwi?

NesiWaUsiku: Deni, deni! Mie nimefanya Pemba miaka minne, spitali siitaji. Usiku mmoja umeme umekatika, wodi ya watoto niko peke yangu, namtafutia mshipa mtoto wa miezi saba. Tochi ya simu nimeing'ata kwa meno maana mikono yote ina kazi, mama yake ndiye aliyenishikia kile kikono. Nimeupata mara ya tatu. Asubuhi naulizwa kwa nini ripoti haijaandikwa. Laiti tungekuwa wawili nisingewaza safari.

MwanaMkoani: Pole sana, dada. Lakini hapo ndipo panaponichoma. Wewe wodi nzima peke yako, na huyu mdogo wangu tokea amemaliza hajapata ajira, anajitolea tu na nauli nampa mie. Huko kujitolea kunahesabiwa kwenye hiyo miaka miwili?

NesiWaUsiku: Adai barua kila mwezi, iandikwe wodi aliyofanya na itiwe sahihi na mkuu wa wodi. Aanze mwezi huu huu, wakuu wanahamishwa.